Kuongoza filamu huku unaigiza ndani yake: ninavyoifanya kazi hii

Kwenye filamu za bajeti ndogo hapa Dar es Salaam, mwongozaji kuigiza ndani ya kazi yake ni jambo la kawaida. Marehemu Steven Kanumba (1984–2012) alifanya yote mawili, na wengi wanaendelea hivyohivyo, mara nyingi kwa sababu hela ya kumlipa mhusika mkuu haipo. Ugumu ni kwamba ukiwa mbele ya kamera huioni fremu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uongozaji naimaliza kabla sijavaa mavazi ya mhusika. Baada ya hapo anabaki mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "kata" au "turudie", hata kama mimi nimeridhika.

Mtu huyo ni msaidizi wa mwongozaji. Mpigapicha simpi kazi hiyo, kwa sababu jicho lake liko kwenye fokasi na mwanga, na uigizaji atausikia nusunusu. Siku kadhaa kabla ya kurekodi tunapitia muswada pamoja, onesho kwa onesho, na kila onesho tunaliandikia sentensi moja: mhusika wangu anataka nini, na ni mstari upi unaompa au kumnyima. Msaidizi anapima kila teki, yaani kila mara tunaporekodi shoti, kwa sentensi hiyo, wala hapimi kama nimependeza. Pia anaangalia midomo yangu. Mwongozaji anayeigiza ana ugonjwa wa kutamka kimyakimya maneno ya mwenzake, na kwenye shoti ya karibu midomo inaonekana ikicheza. Macho nayo huponza: unamtazama mwenzako kama unamsahihishia mtihani badala ya kumsikiliza. Mhariri hawezi kuliondoa hilo, labda aikate shoti nzima.

Kupanga fremu kunahitaji mtu wa kusimama badala yangu. Awe na kimo changu na rangi ya ngozi inayokaribiana na yangu, kwa sababu taa zikipangwa kwa mtu mweupe kuliko mimi, nikiingia uso wangu unazama gizani. Yeye anasimama, mimi nakaa nyuma ya kamera, tunapanga lenzi, urefu wa tripodi na taa, kisha tunabandika tepu sakafuni kwenye ncha za viatu vyake. Kwa ngozi nyeusi sikimbilii kuongeza taa ya mbele. Natumia taa moja pana iliyolainishwa kwa kitambaa cheupe, naiweka ubavuni, ili mng'ao wa ngozi uchore umbo la uso. Mwigizaji nambandua ukutani kama mita mbili, hasa ukuta ukiwa mweupe. Akiuegemea, kamera inapima mwanga kwa ukuta na sura inapotea gizani.

Mazoezi tunayarekodi kwa simu, na hapo ndipo ninapojihukumu. Tukianza kazi yenyewe, sikimbilii skrini ya kutazamia picha kila baada ya teki. Teki ya dakika mbili ukiitazama kila mara, muda wa onesho unakuwa mara mbili, waigizaji wanapoa, na wewe unaanza kuona pua yako badala ya kuona onesho. Natazama teki ya kwanza kuhakikisha fremu, kisha ile ambayo msaidizi amesema ndiyo.

Mpangilio wa shoti ndio unaookoa siku. Shoti pana inatangulia, zinafuata shoti za karibu za wenzangu, zangu ni za mwisho. Mwigizaji mgeni akilia machozi ya kweli kwenye teki ya pili, usitegemee atayapata tena saa tatu baadaye, wakati mimi mhusika nimeshaishi naye tangu muswada. Ila kamera ikiwa kwa mwenzangu, naigiza kwa nguvu zote ingawa sionekani. Ukimsomea mistari kwa uvivu, jibu lake nalo litakuwa la kivivu. Hatari ya mpangilio huu ni jua kuisha kabla ya zamu yangu. Maonesho ya ndani nayaweka kati ya saa nne na saa tisa, wakati jua liko utosini na linatia vivuli kwenye matundu ya macho. Ya nje yanaenda asubuhi au baada ya saa kumi. Jua la hapa likishazama, nusu saa baadaye huna mwanga wa kurekodia.

Kumsahihisha mwigizaji aliyenizidi umri kuna namna yake. Shikamoo kwanza, kisha namvuta pembeni, wala simsahihishi mbele ya vijana wa taa. "Mama, tukirudia, naomba ukae kimya kidogo kabla hujanijibu." Namwambia afanye kitendo. Ukimwambia aongeze hisia, atapaza sauti tu.

Sauti ndiyo inayoua filamu nyingi za kwetu, kuliko picha. Tunarekodi kwenye kinasa sauti tofauti, 48 kHz na biti 24, vilele vya sauti vikicheza kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita ya kinasa. Maiki ya kifuani chini ya kanga au shati la nailoni hukwaruza, kwa hiyo tunaibana kwa plasta pande zote mbili ili kitambaa kisitembee juu yake. Feni inazimwa. Friji inachomolewa, na funguo za gari zinawekwa humo ndani. Hakuna atakayeondoka bila kuiwasha tena, na samaki wa mwenye nyumba hawataoza. Jenereta inakaa nyuma ya ukuta, mbali kadiri waya unavyofika. Adhana ikianza tunasimama au tunachukua shoti zisizo na maneno, na mvua ikipiga bati hakuna mazungumzo ya kurekodi. Kabla ya kuhama chumba tunarekodi dakika nzima ya ukimya wake. Mhariri atazibia mapengo kwa ukimya huo.

Umeme wetu ni hezi 50, hivyo narekodi fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, naiweka 1/50 ya sekunde. Ukiweka 1/60 chini ya taa za tyubu au LED za bei rahisi, mistari inapita kwenye picha, na kuisafisha baadaye ni kazi kubwa. Nje shata inabaki palepale. Mwanga napunguza kwa kichujio cha ND, kioo cheusi kinachowekwa mbele ya lenzi. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 haifiki saa moja na nusu. Kadi haifutwi mpaka nakala mbili ziwe kwenye diski mbili tofauti, na diski hizo hazilali nyumba moja.

Kibali cha kurekodi ni cha Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, na filamu ikikamilika inarudi kwao kukaguliwa na kupewa daraja. Nenda pia serikali ya mtaa kabla hujashusha vifaa. Ukiwa na silaha bandia au sare, polisi wajue mapema. Na mikataba isainiwe kabla ya siku ya kwanza, hata na binamu yako: malipo, jina litaandikwaje, picha itatumika wapi. Kama malipo yatatoka kwenye mauzo, andika asilimia na nani ataruhusiwa kuona hesabu, maana "tutaelewana" huvunja udugu.

Kwenye uhariri, maonesho yangu hukatwa kwanza na mtu mwingine nikiwa sipo. Mwigizaji aliye ndani yangu anataka shoti zake zirefushwe, na mhariri asiyenionea haya huzipunguza bila kuuliza.

Ukilenga tamasha, kama ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu kule Zanzibar, waulize mapema wanapokea faili ya aina gani. DCP, yaani faili za kidijitali za kuonyeshea filamu kwenye kumbi za sinema, inayokubalika kila mahali ni ya fremu 24 kwa sekunde, na filamu ya dakika 90 iliyorekodiwa kwa 25 ikipunguzwa kasi hadi 24 inakuwa dakika 93 na sekunde 45. Sauti nayo inakuwa nzito kidogo, hivyo fundi wa sauti airudishe kwenye kimo chake. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yatengenezwe baada ya kubadilisha kasi. Ukiyatengeneza kabla, mwishoni mwa filamu yatakuwa yameitangulia midomo kwa zaidi ya dakika tatu.