Kabla hujajipaka asidi ya kuchubua uso

Soma asilimia kwenye chupa. Asidi ya glaikoliki isiyozidi 10%, yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikishuka, ukali hupanda) 3.5 au zaidi, inatosha nyumbani. TCA, asidi kali zaidi ya kuchubua, mwachie daktari wa ngozi. Jaribu tone nyuma ya sikio, usubiri saa 48. Retinoli, yaani vitamini A ya kupaka, iache wiki nzima kabla.

Paka vaselini pembe za pua, midomo na macho, maana asidi hujikusanya humo. Kuwashwa kidogo sawa. Ngozi ikianza kuwa nyeupe kama imepakwa chaki, asidi imeshazama: suuza papo hapo kwa maji mengi, hata kama muda wa kukaa na asidi haujaisha.

Magamba usiyabandue. Ngozi nyeusi ikiungua huacha madoa ya miezi, hivyo paka krimu ya kukinga jua ya SPF 30 kila siku, hata kukiwa na mawingu.