Karatasi Iliyokauka

Binti yangu, anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, aliniuliza juzi swali ambalo, kwa maelezo yake, katekista wake alilikwepa: ikiwa Mungu ndiye aliyeufanya mgumu moyo wa Farao, Farao alihukumiwa kwa kosa gani? Nilimwambia afungue kitabu cha Kutoka asome mwenyewe. Mungu anatangaza mapema, katika sura ya 4, kwamba ataufanya moyo huo kuwa mgumu; lakini mapigo yanapoanza, ni Farao anayetajwa kuufanya moyo wake mzito baada ya vyura, na tena baada ya mainzi, na ni katika pigo la sita tu, lile la majipu, ambapo Bwana anatajwa kuufanya mgumu yeye mwenyewe. Alisoma, akaridhika, akaenda kucheza. Mimi nilibaki na mstari mmoja wa sura ya 8, ule usemao kwamba Farao aliufanya moyo wake mzito alipoona ya kuwa pana nafuu, nikamkumbuka baba mkubwa.

Ugomvi wa shamba la Kaole, karibu na Bagamoyo, hauna jipya la kusimulia. Babu aliwaachia wanawe wawili minazi, na baada ya mazishi mpaka wa minyaa ukaanza kusogea upande wetu, kidogo kidogo, hadi kaka mtu na mdogo mtu wakawa hawasalimiani hata nje ya kanisa. Ndipo zikaja mvua za El Niño.

Usiku ule tulikuwa tumelala wakati mlango ulipogongwa. Baba alifungua akiwa na kandili mkononi, na pale barazani alisimama baba mkubwa amevaa msuli na shati lililomgandia mwilini, nyuma yake mkewe na watoto wamejifunika gunia la plastiki. Ukuta wa udongo wa nyumba yao ulikuwa umeanguka upande wa kichwani pa kitanda. Mama aliwachukua watoto bila kuuliza neno. Baba mkubwa hakuketi, ingawa alikaribishwa. Alisimama katikati ya chumba, maji yakimchuruzika hadi yakafanya kidimbwi sakafuni, akafungua bati la biskuti alilokuwa amelikumbatia. Ndani mlikuwa na karatasi ya shamba, ile yenye dole gumba la babu, imelowa pembeni, na wino wa zambarau umeanza kutambaa. Aliinyoosha kwa mikono miwili, mikono inayotetemeka, akasema, “Mdogo wangu, nimekosa. Mungu ananipiga kwa haki. Ishike wewe, na mpaka utarudi alipouacha baba.”

Baba hakuipokea mkononi. Alisema, “Kaka, kaa kwanza, unatetemeka.” Baba mkubwa alipoendelea kuinyoosha, baba aliichukua kwa ncha za vidole, akaitandaza mezani karibu na kandili ili ikauke, akaweka kijiko kila pembe isijikunje. Nakumbuka vile vijiko kuliko maneno yote, kwa sababu baba mkubwa alivitazama, kisha akaketi chini palepale kwenye maji akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele yetu watoto. Sijawahi kumwona mtu akitubu namna ile, kanisani wala penginepo.

Walikaa kwetu hadi mvua zilipopungua, wakapata pa kujishikiza, ukuta ukasimamishwa upya. Asubuhi moja ya jua kali alikuja akabaki kizingitini, akauliza kwa upole kabisa, “Ile karatasi yangu imekauka?” Baba aliitoa kabatini, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akampa. Minyaa haikurudi.

Jumatano ya Majivu ya mwaka 1998 iliangukia tarehe 25 Februari. Katika kanisa kubwa la misheni ya Bagamoyo, lile lililokamilika mwaka 1914, tulisomewa nabii Yoeli anayetaka watu wararue mioyo yao wala si mavazi yao, na foleni ya majivu aliyosimama baba mkubwa ikawa sambamba na yetu. Alipakwa majivu ya matawi ya mwaka uliotangulia, akaambiwa atubu na kuiamini Injili, akarudi kwenye benchi lake akiwa ametazama mbele.

Mama alishikilia kwamba shemeji yake alitudanganya ule usiku. Farao naye, alisema, alikiri kosa mvua ya mawe ilipompiga, na ilipokoma akarudi kulekule. Baba alikataa. Kwake yeye, kaka yake alisema kweli usiku ule, na kilichomfanya awe mgumu hakikuwa pigo bali nafuu. Adhabu ilimlainisha, jua likamkausha pamoja na karatasi yake. Mimi huelekea upande wa baba, ingawa hoja yake inanitia hofu zaidi kuliko ya mama, maana mwongo anajijua, ila aliyetubu kweli akarudi nyuma, sijui anajionaje. Mama aliuliza, kama ile ilikuwa toba, mpaka uko wapi? Baba alijibu kwamba hilo aulizwe kaka yake. Baba mkubwa alifariki kabla hajaulizwa, na minazi ile sasa wanaiangua binamu zangu, ambao huniwekea madafu kila niendapo Kaole, nami huyanywa.