Kiganja kifuani

Jana usiku nilimjibu dada yangu vibaya kwenye simu, nikakata. Nikabaki ukingoni mwa kitanda, taya zimebana, simu bado mkononi. Kawaida yangu hapo ni kuanza kujisuta: mtu mzima hovyo, huna haya! Safari hii nikaweka kiganja kifuani, nikasema kwa sauti, "Hii ni aibu. Na chini yake kuna woga." Ajabu, kuipa jina tu kukailegeza kidogo. Kisha nikavuta pumzi kwa hesabu ya 4, nikaitoa kwa 6, maana pumzi ya kutoka ikiwa ndefu mapigo ya moyo hupungua kasi. Kama mara kumi hivi. (Ya tatu nilijiona kituko, nikacheka.)

Mwanasaikolojia Kristin Neff, mtafiti wa mambo ya kujihurumia, husisitiza kwamba kukosea ni kwa binadamu wote. Hilo ndilo hunishinda. Nikajiuliza, rafiki yangu angefanya hivi ningemwambiaje? Nisingemwita hovyo. Ningesema, "Umechoka. Mpigie kesho."

Aibu haikuisha, ila usingizi ulikuja. Asubuhi nimempigia dada, hakupokea. Nimemwachia ujumbe, nasubiri.