Kujiunga na Jeshi la Akiba la Marekani: Hesabu za Muuguzi wa Usingizi Mwenye Watoto

Ndugu zangu wa Bombo na Masaka wameniuliza mara nyingi tangu habari ilipowafikia, kwa hiyo ni afadhali niieleze kwa utaratibu: ni kweli kwamba ninafikiria kujiunga na Jeshi la Akiba la Marekani, yaani askari wa muda wanaobaki na kazi zao za kiraia mpaka waitwe, nikiwa muuguzi wa dawa za usingizi, na ni kweli vilevile kwamba bado sijatia saini. Kazi yangu ni ile ambayo kwetu Uganda, katika vituo vya afya vya daraja la nne, hufanywa na maafisa wa usingizi, yaani kumlaza mgonjwa, kulinda pumzi na moyo wake muda wote wa upasuaji, kisha kumwamsha salama.

Jeshi lina sababu ya kututafuta. Timu ya upasuaji inayowekwa karibu na uwanja wa vita imekuwa kwa miaka mingi na watu 20 hivi, wawili kati yao wakiwa wauguzi wa usingizi, na mara nyingi hakuna daktari bingwa wa usingizi wa kuwasimamia. Vifaa ni vichache, damu ni chache, na uamuzi ni wako. Aliyewahi kuona upasuaji wa dharura katika kituo cha wilayani, umeme ukikatika na ketamini ikiwa ndiyo dawa ya usingizi iliyopo, ataelewa kwa nini jambo hilo linanivuta kuliko fedha.

Fedha zenyewe, kwa fani yetu, hazishawishi sana. Wikendi moja ya mazoezi kila mwezi hulipwa kama siku nne za mshahara wa msingi wa afisa, na kila mwaka huongezwa takriban majuma mawili ya mafunzo. Lakini muuguzi wa usingizi katika hospitali ya kiraia hupata kwa kawaida zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, kwa hiyo kuitwa kazini ni kupunguziwa kipato. Faida iliyo wazi ni bima ya afya ya familia kwa bei nafuu, pamoja na pensheni ambayo hupatikana baada ya miaka 20 ya utumishi na kwa kawaida huanza kulipwa ukifikisha umri wa miaka 60.

Utaratibu wa jeshi kwa madaktari, madaktari wa meno na wauguzi wa usingizi wa akiba umekuwa kwamba, wakipelekwa nje, hukaa huko siku 90 hivi, muda ambao ukichanganywa na maandalizi hukaribia miezi minne. Afisa anayeandikisha hulitaja jambo hilo mapema. Asilolikazia ni kwamba wajibu wote unaoubeba kwa saini moja ni wa miaka minane, hata kama sehemu yake utaimaliza bila kuhudhuria mazoezi, na kwamba katika hali ya hatari ya kitaifa sheria inaruhusu askari wa akiba aitwe kwa muda wa hadi miezi 24.

Kuna na suala la ajira. Sheria ya USERRA ya mwaka 1994 humlazimu mwajiri kumrudishia askari wa akiba kazi yake, lakini humlinda mwajiriwa, si anayejitegemea kwa mkataba, na wengi wetu katika fani hii tumechagua mikataba kwa sababu inalipa vizuri. Mimi ni mmojawapo. Kwa hali niliyo nayo leo, nikirudi baada ya miezi minne ninaweza kukuta nafasi yangu ina mtu mwingine, na sitakuwa na pa kulalamika.

Hata hivyo, hilo linarekebishika kwa kubadilisha ajira. Lililo gumu ni nyumba. Mume wangu hufanya kazi zamu za usiku, na watoto bado ni wadogo. Baba mdogo, aliyestaafu UPDF, jeshi la Uganda, baada ya kutumikia pia Mogadishu, aliniuliza swali moja tu kwenye simu: "Binti yangu, wewe ukiwa huko na mwenzio akiwa kazini, nani analala na watoto?" Yeye alipokwenda Somalia aliacha nyuma mke, mama yake, shemeji na majirani wa miaka mingi. Wenzangu Wamarekani hospitalini wana wazazi katika mji wa pili. Sisi tuna yaya anayelipwa kwa saa. Kumwombea Mama viza ya matembezi kwenye ubalozi kule Nsambya baada ya amri ya kuondoka kutoka ni kucheza bahati nasibu.

Mama mwenyewe halipendi wazo hili. Yeye ni wa Masaka, mji uliobomolewa katika vita vya 1979, na sare ya jeshi, iwe ya nani, haimtulizi. Ameniuliza pia kama nitapoteza uraia wa Uganda. Nimemweleza kwamba uraia wa nchi mbili umeruhusiwa tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 na sheria ya 2009, na kwamba Katiba inapogusia jeshi la kigeni humzungumzia aliyepata uraia kwa kusajiliwa, akitumikia kwa hiari nchi yenye uhasama au iliyo vitani na Uganda. Mimi ni mzaliwa.

Kwa hiyo nimeanza kwingine. Nimewasilisha ombi la ukaaji wa kudumu kwa ajili ya Mama, kwa kuwa wazazi wa raia wa Marekani hawamo katika idadi yenye kikomo cha kila mwaka, naye amekubali mradi asikae huku Januari yote. Ninatafuta pia hospitali itakayoniajiri moja kwa moja. Afisa anayeandikisha anajua kwamba tutazungumza tena mambo hayo mawili yatakapokamilika, na mume wangu ameomba kwamba siku hiyo ikifika, karatasi ya miaka minane aisome yeye kwanza.