Ndizi ambayo sikuagiza

Mwaka 2016 ndo nilienda Nairobi mara ya kwanza kufuata mzigo. Kipindi hicho nauza madera pale Arusha na kila muuza madera alikuwa ananiambia Isilii, Isilii, bei za jumla za kule ni nyingine kabisa, basi nikavunja kibubu, nikapanda basi la alfajiri, Namanga tukagonga mihuri, mpaka saa nane mchana niko Eastleigh, ndo hiyo Isilii yenyewe, nimefunga hela kiunoni ndani ya sketi (nusu yake za kukopa, kwahiyo usicheze).

Nilipanda na kushuka ngazi za yale maduka mpaka nyayo zikawaka moto. Njaa ikanishinda nikaingia hoteli moja ya Wasomali, imejaa, nikabanwa meza moja na mama mtu mzima na binti yake. Nikaagiza wali nyama ya mbuzi.

Sahani ikaja mlima. Wali wa viungo, punje nyingine za rangi ya machungwa, zabibu kavu, vitunguu vya kukaanga, bonge la mbuzi, kibakuli cha pilipili ya kijani, na pembeni ndizi mbivu. Nzima na ganda lake, imelala pale ukingoni kama imepotea njia.

Jamani mi mtu wa Moshi. Ndizi hakuna wa kunifundisha. Mbichi tunapika na nyama, mtori tunampa mzazi, mbivu zinaenda kwenye pombe ya mbege au anakula mtoto akitoka shule. Mbivu na wali? Nikamwita mhudumu, kaka, ndizi sijaagiza. Akacheka, "Hiyo ni ya chakula dada." Mi nikajua ndo mbinu zao za kunenepesha bili, nikaisukuma mpaka katikati ya meza ili ushahidi uwepo.

Yule mama akairudisha kwenye sahani yangu. "Abaayo," yaani dada kwa Kisomali, "hiyo hailipwi. Kula."

Nikamwambia ahsante mama, nitakula mwisho.

Akaniangalia kama mtu aliyesikia kitu cha ajabu. "Mwisho? Mwisho utakula na nini?"

Sikuwa na jibu kwakweli. Akachukua yake akaimenya nusu, akakata kipande kwa vidole, akakikandamiza kwenye wali na kinyama, akagusisha pilipili, mdomoni. Nikamwangalia binti labda atanitetea, kumbe yeye mbele yake ana tambi na rojo ya nyama, na ndizi kashazikata vipande humohumo! Mama akasema kwao ni Kismayu kule Somalia, tambi walizizoea enzi za kutawaliwa na Mtaliano, ila ndizi zilikuwa zao, mashamba ya mto Juba, na meli zilikuwa zinazibeba mpaka Italia. Alisema hivyo huku anatafuna, hana hata habari na mshangao wangu.

Basi nikajaribu ili yaishe. Tonge la kwanza nilizidisha pilipili, ulimi ukashika moto, macho yakajaa machozi, halafu ule utamu wa ndizi ukaja kwa nyuma ukazima taratibu, na yale mafuta ya mbuzi ambayo huwa yananikinai mapema sikuyasikia kabisa. Tonge la pili nilitengeneza mwenyewe vizuri. Kufika nusu ya sahani ndizi imeisha na wali bado, na wali mtupu ukawa unanipooza, nikamwita tena yule kaka. "Hii sasa naagiza." Akaleta mbili, hela hakutaka.

Madera nilipata, faida ya wastani tu, kuna rangi moja ilinidodea mpaka leo nafungia vyombo.

Krismasi ile nikaenda nyumbani Moshi. Pilau imepakuliwa, watu wote mezani, mi nikanyanyuka nikachukua ndizi mbivu jikoni nikaanza kumenyea kwenye sahani. Kimya. Mama aliniangalia tumboni kwanza, halafu usoni, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Ni ya miezi mingapi?"