Kumpenda msanii ni dhambi? Ninavyolishughulikia swali hili katika Shule ya Jumapili

Nafundisha Shule ya Jumapili hapa Dar es Salaam, darasa la watoto wa miaka 9 hadi 13. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, kwani kumpenda Jungkook ni dhambi?" Jungkook ni mwimbaji wa BTS, kundi la vijana wa Korea Kusini. Weka Zuchu hapo, weka Diamond, weka Alikiba, swali ni lilelile. Jibu langu ni hapana. Kisha namgeuzia mtoto swali: msanii huyo anakudai nini?

Wimbo unaosikilizwa wakati wa kuosha vyombo haudai kitu. Ukiisha, vyombo vimeisha. Ibada ndiyo hudai: muda, fedha, utii, na mtu wa kumchukia kwa ajili yake. Mtoto namtazama kwa mambo hayo manne, wala siangalii kama muziki ni wa Kikorea, Bongo Fleva au Injili. Mwalimu au mzazi anayeanza na mdundo au mavazi hubishana hadi jioni, maana mtoto anaujua wimbo mzima na mkubwa huyo hajausikiliza hata mara moja.

Kuna jambo nimeliondoa kabisa darasani: habari za Freemason. Zile video zinazosimamisha picha msanii alipokunja vidole pembetatu, zikaweka duara jekundu na muziki wa kutisha, hazimsaidii mtoto. Kwanza hakuna anayeweza kuthibitisha, na amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haijamtoa msanii kwenye orodha ya majirani. Pili, mtoto akishaonyeshwa "ishara" moja hurudi nyumbani kutafuta nyingine, na anazitafutia palepale kwenye video za msanii. Tatu, siku atakapogundua kwamba moja ya hizo habari ilikuwa ya kutunga, atalitilia shaka na somo la Jumapili iliyofuata.

Kabla ya kufundisha lolote namwomba mzazi aangalie simu. Kwa watoto wengi wa darasa langu simu ni ya mama. Akaunti ni ya mtu mzima, kwa hiyo YouTube humletea mtoto chochote ambacho ingemletea mama. Mzazi afungue historia ya YouTube apitie wiki nzima, asiangalie siku moja. Vitu vitatu ndivyo vya kutafuta: video moja iliyochezwa tena na tena usiku watu wamelala, video za ugomvi wa wasanii badala ya nyimbo zao, na video za mashabiki wakielekezana namna ya kupandisha idadi ya watazamaji. Hiyo ya tatu wazazi huipita bila kuielewa, nami naieleza kwa kirefu kwenye kikao chao.

Mashabiki wa K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea Kusini, wana kazi maalumu. BTS walianza mwaka 2013 na mashabiki wao wanaitwa ARMY. BLACKPINK, kundi la wasichana, walifuata mwaka 2016, na wao mashabiki wao ni Blink. Jina la kundi la mashabiki ni uanachama, na uanachama una zamu. Wimbo mpya ukitoka, wanapangiana kuucheza kwa saa nyingi ili upande chati. Wanapigia msanii kura kwenye programu za simu, na ukitaka kura zaidi unatazama matangazo au unalipa. Albamu hufungwa pamoja na kadi za picha ambazo mnunuzi hajui atapata ya nani. BTS ina watu 7. Anayemtaka Jungkook akapata mwenzake Suga inabidi anunue nyingine au atafute wa kubadilishana naye. Biashara hiyo imepangwa na watu wazima wanaojua hesabu, na mtoto wa miaka 11 anaingia humo akidhani anaonyesha upendo. Ukimwambia "acha ujinga" hujamsaidia. Mwonyeshe hesabu. Namwambia achukue daftari, aandike kwa wiki 2 kila bando lililoisha na kila shilingi iliyokwenda kwa msanii, na pembeni aandike ni nani aliyemwagiza. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya kazi, kwa sababu mara nyingi aliyemwagiza ni akaunti ya shabiki asiyemjua hata kwa jina.

Kwa Bongo Fleva madai ni mengine. Hapa fedha ni kidogo, chuki ndiyo nyingi. Timu Kiba na Timu Diamond zilianzishwa na wakubwa, tena wengine ni wazazi wa watoto hawa hawa. Harmonize alipoondoka WCB Wasafi, lebo ya Diamond, mwaka 2019 na kuanzisha lebo yake Konde Gang, mashabiki waliokuwa kambi moja wakaanza kutukanana. Mtoto hurithi ugomvi ambao hakuuona ukianza, na ambao mara nyingine ni kiki ya kuuza wimbo.

Somo langu linachukua Jumapili nne, dakika 40 kila moja.

Ya kwanza ni Danieli 3. Watoto wanasoma kwa zamu na kuhesabu: sanamu ina urefu wa dhiraa 60 na upana wa dhiraa 6, karibu mita 27 kwenda juu. Kisha nawaambia watafute vyombo vya muziki. Panda, filimbi, kinanda, zeze, santuri, zomari. Orodha hiyo inarudi mara nne katika sura moja, mstari wa 5, wa 7, wa 10 na wa 15, na watoto huigundua wenyewe wakaanza kuiimba kama kibwagizo. Waache waimbe. Halafu uliza: katika habari hii, muziki ulikuwa na kazi gani? Jibu lipo wazi: ulikuwa alama ya kuanguka kifudifudi kuiabudu sanamu. Hapohapo fungua Zaburi 150, wakute ala za muziki zikimsifu Mungu. Usiruke hatua hii hata kama muda umebana. Ukiishia kwenye Danieli, mtoto ataondoka akidhani kinanda ndicho kilichokosa.

Jumapili ya pili tunasoma maneno ya nyimbo bila mdundo. Siku chache kabla namwomba kila mtoto ataje wimbo anaoupenda, nazisikiliza zote mwenyewe, nachagua tatu. Naandika kwa mkono ubeti wa kwanza na kiitikio tu, mtoto anausoma kwa sauti ya kawaida kama anavyosoma tangazo. Watoto hucheka, maana bila ngoma maneno mengi ni machache na yanajirudia. Maswali ni mawili: anayeimba anataka nini, na nani anaumia akikipata? Tahadhari iko kwenye mafumbo. Bongo Fleva imejaa maneno yenye maana mbili, na mwalimu mwenye bidii hutaka kuyafumbua yote ili watoto waone ubaya. Ukilifumbua fumbo mbele ya mtoto wa miaka 9 ambaye hakulielewa, umemfundisha wewe. Wimbo wa namna hiyo siuingizi darasani. Namwita mzazi pembeni, na mtoto mkubwa mwenye swali namjibu peke yake mama yake akiwepo.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, 1 Wakorintho 1:12. Watu wa Korintho walikuwa wanasema mmoja ni wa Paulo, mwingine wa Apolo, mwingine wa Kefa. Watoto wa timu wanaelewa mstari huu upesi kuliko watu wazima wengi. Zoezi lenyewe ni hili. Kila mtoto anasema sifa moja ya kweli ya msanii wa timu pinzani na kasoro moja ya kweli ya msanii wake, bila "ila" wala "lakini". Mtoto wa timu Diamond anasimama, anasema, "Alikiba ana sauti nzuri," kisha anakaa kimya akikuna kiganja. Nusu dakika inapita. Wenzake wanaanza kumshangilia aseme kasoro ya Diamond. Mwingine atasema haraka haraka na kukaa, mwingine atakasirika, mwingine atatokwa machozi kweli. Yule wa machozi usimkemee wala usimlazimishe. Umeshaona moyo wake ulikofungwa, na mazungumzo naye yatafanyika baadaye, nje ya macho ya wenzake. Akina baba wanaokuja kuniuliza mbona binti analia kwa ajili ya mwanamuziki huwa nawauliza juzi Yanga ilipofungwa nyumbani kulikuwaje.

Jumapili ya nne tunawaombea wasanii kwa majina waliyopewa na wazazi wao: Naseeb Abdul, Ali Saleh Kiba, Kim Namjoon ambaye mashabiki wanamwita RM. Kabla ya sala nawasimulia habari za kibinadamu ambazo zinajulikana. Mwaka 2009 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Korea Kusini iliweka mkataba wa mfano ambao haumfungi msanii zaidi ya miaka 7, kwa sababu walikuwa wanafungwa miaka mingi mno. Jin, mkubwa kwa umri katika BTS, aliingia jeshini Desemba 2022 kama vijana wengine wa kwao, na wa mwisho wao alimaliza utumishi Juni 2025. Sanamu haiitwi jeshini kwa barua. Halafu tunasoma Matendo 14, pale Listra, watu walipomwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, nao wakararua mavazi yao wakikataa kuabudiwa. Sala yenyewe iwe fupi na ya heshima. Diamond na Alikiba ni Waislamu, kama walivyo wengi wa wanafunzi wanaokaa dawati moja na watoto hawa, na sala ya kumwombea mtu si mahali pa kumsimanga kwa dini yake.

Nyumbani kazi ni ya mzazi, na huanza na mipangilio. Mtoto wa chini ya miaka 13 hapaswi kuwa na akaunti yake ya kawaida ya TikTok wala Instagram. Hiyo ni sheria ya mitandao yenyewe. Kama ana simu yake, mfungulie akaunti ya mtoto kwa Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, kisha kwenye YouTube uchague ngazi ya miaka 9 na kuendelea. Kama mnashirikiana simu, washa kichujio cha maudhui ya watu wazima ndani ya mipangilio ya YouTube. Faida yake kubwa ni kwamba huficha pia maoni, na matusi ya timu yanakaa kwenye maoni. Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi kwenye kifaa kimoja tu, na mtoto mjanja anakizima kwa kugusa mara mbili tatu, kwa hiyo kikague mara kwa mara. Zima video kujicheza zenyewe moja baada ya nyingine. Badilisha namba ya siri ya M-Pesa, maana aliyekuwa anatumwa dukani na simu anaijua. Usiku simu ilale chumbani kwa wazazi.

Mabango ya ukutani usiyachane. Wazazi hunitajia Gideoni katika Waamuzi 6, nami huwaomba wasome tena: madhabahu aliyoivunja ilikuwa ya baba yake, wala baba hakuvunja ya mwanawe. Bango likichanwa na mzazi, upendo unahamia mahali asipopaona, kwenye akaunti yenye jina la uongo iliyofunguliwa kwa simu ya rafiki. Ninachoshauri ni makubaliano: bango moja, fedha ya matumizi yake itoke baada ya sadaka na mahitaji ya shule, hakuna kura ya kulipia, na wiki ya mitihani hakuna zamu ya kuchezesha nyimbo. Mtoto ayaandike mwenyewe kwa mkono. Akiyavunja, linalopunguzwa ni lile alilolivunja tu. Ukimnyang'anya kila kitu kwa kosa la bando, hana sababu ya kuyashika yaliyobaki.

Wazazi wengi wanadhani dawa ni kumbadilishia mtoto msanii wa dunia kwa mwimbaji wa Injili. Watoto wanatuona. Wanaona watu wazima wakisukumana kupiga picha na mwimbaji baada ya tamasha, wakiweka picha ya nabii sebuleni na kwenye kioo cha gari, wakigombana mtandaoni kwa ajili ya mchungaji wao. Ule nyoka wa shaba wa Hesabu 21 ulitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu, na katika 2 Wafalme 18:4 Hezekia akalazimika kuuvunja kwa sababu watu walikuwa wanaufukizia uvumba. Kwenye kwaya ya watoto, kwa hiyo, anayeongoza wimbo anabadilika kila mwezi, hata kama kuna mmoja mwenye sauti ya kupita wote. Wapenzi wa K-pop wengi wanachopenda hasa ni kucheza kwa pamoja kwa mpangilio. Wape igizo la Krismasi wapange hatua wenyewe, na usishangae wakija na mpangilio uliotoka Seoul.

Yako mambo ambayo hayamalizwi na somo. Mtoto anayejinyima chakula ili awe mwembamba kama msanii anahitaji kupelekwa hospitali. Mtu mzima asiyejulikana anayejiita shabiki mwenzake, akamwomba picha, namba au wakutane "kubadilishana kadi", asijibiwe tena. Usifute mazungumzo, piga picha ya skrini yenye jina la akaunti na tarehe, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi kilicho karibu au piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Mtoto aambiwe mapema kwamba akileta habari ya namna hiyo hatanyang'anywa simu kwa kuileta. Asipoambiwa hivyo ataificha, kwa kuwa kwake kupoteza simu ni kupoteza kundi zima.