Friji liliambiwa limekufa, kumbe ni rilei ya elfu nane

Mimi nauza barafu na juisi ya ukwaju hapa Ngamiani, Tanga, kwa hiyo friji kwangu si pambo la sebuleni. Likilala siku moja, watoto wa shule wanaupita mlango wangu wanakwenda kwa jirani, na ukwaju niliouloweka usiku unachacha kwenye ndoo. Na hii ilikuwa Februari, joto la kaskazi, hata maji ya mtungini yana uvuguvugu.

Jioni hiyo umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi tena kwa nguvu. Friji likabaki na taa yake tu. Nilivuta kigoda nikakaa nyuma yake kusikiliza. Linanguruma kwa shida, mmmm, sekunde chache, halafu "ta!", kimya. Baada ya dakika kadhaa tena: mmmm, ta! Usiku kucha.

Fundi niliyemwita aliweka kiganja juu ya kompresa, ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi ya kupozea, akakiondoa haraka kwa moto. "Mama, kompresa imekufa. Mpya, gesi na ufundi, laki mbili na nusu." Hakufungua hata skrubu moja. Nikamwambia nitamtafuta, nikabaki nahesabu: vifuko vyangu vya barafu ni shilingi mia, kwa hiyo hapo ni vifuko 2,500.

Nikampigia shemeji yangu wa Muheza anayefanya kazi za viyoyozi, nikaisogeza simu karibu na kompresa asikie mwenyewe. Akacheka. "Shemeji, hiyo inataka kuamka, haina wa kuiamsha. Chomoa plagi, iache ipoe, tuanze na rilei."

Alivyonieleza ni hivi. Mota iliyo ndani ya kompresa ina koili mbili, moja ya kuanzia kuzunguka na nyingine ya kuendelea nayo. Rilei ni bawabu. Inaupitisha umeme kwenye koili ya kuanzia kwa muda mfupi sana, kisha kisahani chake cha kauri kinapata moto na kuubana. Kisahani kikipasuka, mota inang'ang'ania palepale na kuchemka, mpaka kidude kingine cha kulinda, ovalodi, kikate umeme isije ikaungua. Ile "ta!" ndiyo ovalodi yenyewe. Ikipoa inarudisha, na mchezo unaanza upya.

Nyuma ya friji nilikuta vumbi lililogandana na mafuta ya kukaangia, mende wawili wakavu, na skrubu zenye kutu, maana sisi wa pwani hewa ya chumvi haituachii chuma. Moja ilikataa kabisa. Nikaitia mafuta ya cherehani, nikaenda kupika uji, niliporudi ikakubali. Kabla ya kugusa waya wowote nilipiga picha kwa simu. Shemeji akaniuliza kama kuna kapasita, kile kikopo kidogo chenye waya mbili, kwa sababu huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Langu halina.

Rilei na ovalodi zimechomekwa kwenye pini tatu za kompresa. Huvutwa taratibu kwa kunyooka, bila kupindisha, kwani pini ikivunjika hapo kompresa ndiyo basi kweli. Nikaitoa rilei, nikaitikisa sikioni. Chaka chaka chaka, kama kopo lililobaki njugu mbili. Na ubavuni ina doa jeusi la kuungua.

Sikutaka kushangilia mapema. Kijana wa jirani anayesomea umeme alikuja na mita yake, tukapima ukinzani wa pini mbili mbili: omu 14, 19 na 33. Shemeji akasema namba kubwa ikiwa sawa na jumla ya zile ndogo mbili, koili ni nzima. Tukapima na kila pini kwa bodi ya kompresa, mita haikusoma kitu, maana yake umeme hauvuji.

Rilei mbovu niliifunga kwenye pindo la khanga nikaenda nayo duka la spea, upande wa soko la Mgandini. Muuzaji akaigeuzageuza. "Dada, umefanya la maana kuja na ya zamani. Wengine wananiambia wanataka rilei ya friji jeupe!" Akalinganisha matundu ya pini na maandishi, akanipa mpya pamoja na ovalodi yake, elfu nane.

Kuirudisha haikufika dakika kumi. Nilipochomeka plagi, kompresa iliguna mara moja tu, ikatulia na kuendelea kwa sauti ya chini. Ovalodi haikulia. Nikakaa pale kwenye kigoda kama mjinga, nimeishika bomba ya juu inayopata joto.

Kwa kuwa nilishashika bisibisi, nikageukia mpira wa mlango. Ukifungia noti mlangoni na ikachomoka bila kubana, mpira umechoka. Wangu uliiachia noti pembe mbili, kosa langu, kwa sababu matone ya ukwaju hugandisha mpira kwenye bodi, na ukivuta mlango unachanika. Mpya ulikuja umekunjwa kwenye mfuko, umejaa makunyanzi. Niliuloweka kwenye beseni la maji ya moto ukalainika, nikaupachika kwenye mfereji wake nikianzia pembe. Ule wa zamani watoto waliuchana wakatoa ukanda wa sumaku, sasa unashikilia ratiba ya shule mlangoni.

Mabomba ya gesi sikuyagusa. Kompresa yangu imeandikwa R600a, na gesi hiyo inashika moto, hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Jirani yangu alichokonoa barafu ya friza kwa kisu, akatoboa bomba, akasikia "fssss". Yake hiyo ilikuwa bei nyingine kabisa.

Wiki mbili za barafu zilininunulia kile kidude cha kuchomekea friji, kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuuachia. Pembe ya chini ya mlango bado inaachia noti kidogo, nadhani bawaba imelika na mlango umelala. Shemeji akija Idi ataniletea waasha ya kuunyanyua.